Mafuta Yamekwenda Wapi?

Katika chumba cha mitambo cha kiwanda kimoja cha samaki hapa Kisumu kulikuwa na daftari la jalada gumu, limefungwa mezani kwa kamba lisije likatembea. Kila zamu iliandika humo presha ya kuvuta, presha ya kusukuma, joto la mafuta na saa za mashine. Na mwisho wa mstari, karibu kila wiki, mkono huu au ule uliandika maneno yale yale: "Tumeongeza mafuta lita 20."

Mimi ndiye niliyekuwa nikibeba jerikeni hiyo. Nilikuwa kijana wa mafunzo, natoka chuoni, na kazi ile niliipenda. Kwenda stoo, kutia sahihi, kurudi na mafuta begani, kuunga pampu ya mkono na kutazama kioo cha mafuta mpaka kiwango kifike katikati. Kioo kikijaa, moyo wangu ulitulia. Niliamini kwamba huko ndiko kutunza kompresa, mashine inayovuta gesi ya baridi kutoka kwenye friza na kuibana.

Kisha akaletwa mzee mmoja wa kandarasi, fundi wa miaka mingi wa mitambo ya amonia, gesi ya kugandishia, kuja kuangalia kwa nini friza zimechoka. Hakugusa spana. Aliomba daftari, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasoma kurasa kwa zaidi ya saa nzima. Kisha akaniita.

"Kijana wangu, hii mashine inakunywa?"

"Inakunywa sana, mzee."

"Na ikishakunywa, inatema wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku ile, na bado naliona swali hilo kuwa ndilo la kwanza na la maana kuliko yote katika mambo ya mafuta ya kompresa. Wengi wetu hatuliulizi. Tunauliza mafuta yamebaki kiasi gani, hatuulizi yaliyopungua yamekwenda wapi.

Jenereta ikila dizeli, dizeli imeungua imekwisha. Lori kuukuu likipunguza mafuta ya injini, mengine yameungua na kutoka na moshi. Kompresa ya kugandisha haina moto ndani yake wala haina ekzosi. Ni mzunguko uliofungwa. Amonia inayovutwa kutoka kwenye koili za friza inakandamizwa, inapozwa kwenye kondensa iwe maji, yaani kimiminika, inarudi kwenye koili, inachemka tena kwa baridi. Mafuta yakitoka kwenye mashine, ama yamevuja sakafuni, na hapo utayaona, ama mtu ameyatoa kwa mkono, na hapo yataandikwa, ama yamesafiri na gesi na yako humo humo ndani ya mabomba. Sakafu yetu ilikuwa kavu.

Mzee alinipa penseli na kipande cha katoni, akaniambia nijumlishe. Miezi saba. Tulikuwa tumeongeza lita zaidi ya 500. Yaliyoandikwa kwamba yametolewa hayakufika lita 60. Aliitazama ile hesabu akasema, "Basi twende tukayatafute."

Lazima nieleze kidogo mafuta yanafanya nini mle ndani, maana wengi wanadhani ni ya kulainisha beringi tu. Mashine yetu ilikuwa kompresa ya skrubu. Ndani yake kuna vyuma viwili vyenye mikunjo kama parafujo kubwa, vinazunguka vikilishana, na gesi inabanwa katikati yao. Kati ya chuma na chuma, na kati ya chuma na ukuta, kuna mwanya mwembamba sana. Mafuta hupulizwa humo kwa wingi. Yanaziba mwanya ili gesi isirudi nyuma, yanalainisha, yanazoa uchafu, na yanabeba joto. Hili la joto ndilo linalosahaulika. Kompresa ya pistoni ikibana amonia, gesi inaweza kutoka na joto la nyuzi 120 na zaidi. Ya skrubu, kwa sababu imeoga mafuta, hutoa gesi ya nyuzi 70 au 80 hivi. Mafuta hayo hutoka pamoja na gesi, hukamatwa kwenye separeta, tangi la kutenganisha mafuta na gesi, hupozwa, huchujwa, hurudi kazini. Ni mafuta yale yale yanazunguka mchana na usiku.

Separeta nzuri hukamata karibu yote. Karibu. Ukungu mwembamba hupita ukaenda na gesi hadi kondensa, na kutoka huko hadi kwenye friza. Amonia na mafuta haya ya kawaida hayachanganyiki, na mafuta ndiyo mazito. Lita ya amonia ya maji yenye baridi ya nyuzi 33 chini ya sifuri ina uzito wa gramu 680 hivi, na lita ya mafuta inakaribia gramu 900. Kwa hiyo mafuta huzama. Kila mahali ambapo amonia inatulia, chini yake kuna mafuta yanayokusanyika polepole, na kila mtambo uliojengwa vizuri una chungu cha mafuta sehemu ya chini kabisa, mahali pa kuyatolea.

Yasipotolewa, yanapanda. Yanaingia kwenye koili na kuyapaka mabomba kwa ndani. Kila aliyewahi kupika ugali anajua ukoko ulioshika chini ya sufuria: moto upo, sufuria ipo, lakini joto halipiti vizuri. Ndivyo ilivyokuwa katika friza zetu. Minofu ya sangara iliyozoea kuganda ndani ya zamu moja ilianza kuvuka hadi zamu ya pili. Wasimamizi wakaagiza presha ya kuvuta ishushwe zaidi ili baridi iongezeke. Mashine ikafanya kazi ngumu zaidi, ikawa moto zaidi, ikatupa mafuta zaidi. Nasi tukaongeza lita 20.

Athari zake hazikuishia getini. Nje ya ukuta walikaa akina mama wa mtaa wa Obunga wakisubiri mgongo wazi, mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kukatwa, ambayo wao huikaanga na kuiuza. Friza zikijaa, meza za kukatia zinasimama. Meza zikisimama, mgongo wazi hautoki. Jioni nyingi mwaka ule niliwapita wakiwa wamekaa juu ya beseni zao gizani, na sikujua kwamba nilikuwa na mkono katika kungoja kwao. Sasa najua. Ndiyo maana siwezi kulizungumza jambo hili kana kwamba ni la vyuma tu.

Mzee alianza kutafuta kwa macho. Alinionyesha chungu cha mafuta chini ya tangi la amonia, akaniuliza barafu inaishia wapi. Mahali penye amonia ya maji, chuma huvaa barafu nyeupe, kwa sababu amonia inachemka mle ndani. Mafuta hayachemki. Chungu chetu hakikuwa na barafu kuanzia chini hadi shingoni. Kilikuwa kimejaa mafuta pomoni, na nilikuwa nimekipita kila siku kwa miezi.

Kisha akaenda kwenye separeta. Ilikuwa na vioo viwili. Kimoja tulikitazama kila saa. Cha pili, upande wa mwisho ambako gesi inapaswa kuwa imekauka, kilikuwa na vumbi na hakuna aliyekumbuka lini kilifutwa. Alikifuta kwa kitambaa akamulika tochi. Kimejaa. Mafuta yaliyokamatwa na elementi ya mwisho, chujio la ndani ya separeta, yalipaswa kurudi kwenye kompresa kwa kibomba chembamba, na kwenye kibomba hicho kuna kichujio cha ukubwa wa kidole gumba. Tulipokifungua kilikuwa kimezibwa na uchafu mweusi. Hicho tu. Mafuta hayakuwa na njia ya kurudi, yakawa yanachukuliwa na gesi kwenda friza. Kichujio kipya kiligharimu pesa chache kuliko jerikeni moja ya yale mafuta tuliyokuwa tukimwaga ndani bila kuuliza.

Kuyatoa kulichukua siku kadhaa, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watu hufia. Kutoa mafuta kwenye mtambo wa amonia ni kufungua kwa hiari yako mlango wa kitu ambacho kila siku unakizuia kisitoke. Mafuta yakiisha, amonia inafuata. Tena mafuta baridi ni mazito. Unafungua valvu, hayatoki, unaongeza, hayatoki, unaongeza tena, ghafla yanakohoa na amonia nyuma yake. Pua huisikia amonia ikiwa ndogo sana hewani, na hiyo ni rehema. Ikifika sehemu 300 kwa kila milioni za hewa, uhai uko hatarini. Macho ndiyo yanayotangulia, kwa kuwa amonia inapenda maji kuliko chochote.

Mzee alikuwa na taratibu zake na hakuzilegeza hata mara moja. Chungu hutengwa kwanza na tangi, kisha huachwa kipate joto ili amonia iliyobaki ichemke irudi upande wa kuvuta, mpaka barafu yote iyeyuke. Barakoa usoni, glavu za mpira, miwani, bomba la maji linalotiririka hatua chache tu kutoka ulipo. Watu wawili daima, na wa pili hana kazi nyingine. Kwenye tundu la kutolea hufungwa valvu ya springi, ile inayojifunga yenyewe ukiiachia mkono. Niliwahi kuona mahali pengine imefungwa waya ili ikae wazi, mtu aende kunywa chai. Niliukata waya huo na kumwambia msimamizi wa zamu kwa nini nimeukata. Hakufurahi. Ningeukata tena leo.

Yaliyotoka kwenye chungu chetu yalikuwa meusi na mazito kama uji wa wimbi uliopoa, yakitoa povu kwa amonia iliyojificha ndani. Tuliyapima ndoo kwa ndoo na kuandika. Baada ya hapo friza zilirudi kwenye zamu moja. Hakuna aliyepiga makofi. Daftari peke yake ndilo lililoonyesha tofauti, safu mbili mpya alizozichora mzee kwa rula: yaliyoingia, yaliyotoka.

Miaka michache baadaye nilikuwa kwenye kituo cha kupozea maziwa upande wa Nandi, kwenye mashine ndogo za pistoni zinazotumia gesi nyingine ya kupozea, R22. Huko shida ni nyingine, karibu kinyume. R22 na mafuta huchanganyika. Mashine ikisimama na mafuta yakapoa, gesi huyeyuka ndani ya mafuta kidogo kidogo. Ndiyo maana chini ya kranki, sehemu ya kompresa ambako mafuta hukaa, kuna hita, kuyaweka mafuta na joto muda wote mashine imelala. Lakini hita inatumia stima, na usiku wa Nandi ni baridi.

Stima ilipotea saa mbili usiku, ikarudi alfajiri. Jenereta ilikuwa mbovu. Maziwa yalikuwa kwenye matangi, wakulima wanaanza kufika na mitungi, na meneja amesimama mlangoni. Kijana wa zamu akawasha mara moja. Presha ndani ya kranki ikashuka, na gesi yote iliyokuwa imejificha kwenye mafuta ikachemka kwa pamoja, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Kioo kikajaa povu jeupe. Pampu ya mafuta ikawa inavuta povu. Swichi ya presha ya mafuta ikafanya kazi yake, ikasubiri kama dakika moja na nusu, ikazima mashine. Kijana akabonyeza kitufe cha kurudisha. Ikazima. Akabonyeza tena. Mara ya tatu haikuzimwa na swichi, ilisimama yenyewe, beringi zimekwisha.

Simlaumu kijana yule. Alikuwa anasukumwa na maziwa na macho ya watu. Lakini kitufe kile hakiponyi kitu, kinafuta ushahidi tu. Swichi ikizima mara moja, itafutwe sababu kabla ya mara ya pili. Na baada ya giza refu, hita ipewe muda wake. Vitabu vya mashine nyingi hutaka saa kadhaa, mara nyingi hata siku nzima. Gusa sehemu ya chini ya kranki kwa kiganja. Ikiwa bado baridi kama ukuta, mashine haiko tayari, hata kama maziwa yako tayari. Pale ambapo mkatiko ni wa kila wiki, mimi hushauri hita ipewe jenereta ndogo yake yenyewe. Ni mzigo mdogo sana ukilinganisha na kompresa.

Kuhusu kuchanganya mafuta nitasema machache. R22 inaondoka, nchi kama yetu zimekubali chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda ozoni, kuipunguza hadi karibu kuisha ifikapo 2030, na wengi wanahamia gesi mpya zinazotaka mafuta ya esta. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa kama chumvi ya mawe wakati wa masika. Mkebe ukifunguliwa leo na kuachwa bila kifuniko, kesho usiutumie. Wala usiyatie kamwe kwenye mashine ya amonia kwa sababu tu yamebaki stoo. Amonia huishambulia esta na kufanya tope. Nililikwangua tope la namna hiyo kwa mikono yangu, baada ya mtu kuamini kwamba mafuta ni mafuta.

Nakuru ilinifunza kitu ambacho Kisumu haikunifunza. Nilipohamia kwa muda kwenye mtambo wa amonia huko, niliendelea kusoma geji na jedwali langu la kugeuza presha kuwa nyuzi kama kawaida, na joto la gesi inayotoka lilikuwa juu kuliko nilivyotarajia. Nilitafuta valvu mbovu kwa siku mbili. Kosa lilikuwa kwenye jedwali. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Hewa huko ina presha ya kama bar 0.81, wakati pwani ni 1.01. Geji ya kawaida hupima tofauti na hewa iliyo nje yake. Kwa hiyo sifuri ya geji pwani ni amonia ya nyuzi 33 chini, Kisumu ni karibu 36, na Nakuru inakaribia 38. Nilikuwa naendesha mashine kwa baridi kali kuliko nilivyodhani, kuibana gesi kutoka chini zaidi, na mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiungulia humo. Kemia haina huruma hapa: kwa kila nyuzi 10 za ziada, kasi ya mafuta kuharibika hukaribia kuwa maradufu.

Lakini mwinuko huo huo una faida yake. Mashine ikivuta chini ya presha ya hewa, kila sili ya kuzuia kuvuja iliyolegea inageuka mlango wa kuingiza hewa na unyevu ndani ya mafuta. Nakuru unaweza kushuka hadi nyuzi 35 chini na bado uko juu ya presha ya hewa. Mombasa, kwa baridi hiyo hiyo, tayari unanyonya hewa ya bahari.

Mafuta yakishatoka, watu huja kuyaomba. Nchi hii yote inajua kwamba mafuta machafu huzuia mchwa kwenye nguzo za ua. Nimekataa hata kwa watu ninaowaheshimu, na inaniuma kukataa. Lakini mto Kisat unapita pale pale eneo la viwanda la Kisumu na kuingia ziwani, na tangu kanuni za taka za mwaka 2006 mafuta machafu yanahesabiwa kuwa taka hatari, yanabebwa na mwenye leseni. Kilichomwagwa nyuma ya ukuta mwezi wa mvua kinarudi kwenye wavu wa mvuvi wa ufuko wa Dunga. Sangara tunayemgandisha anatoka kwenye maji hayo hayo.

Nyumbani nina rafu dirishani yenye chupa ndogo za kioo. Kila mtambo ninaouhudumia, naomba chupa mbili za mafuta kila mwezi, na tarehe juu yake. Moja huenda maabara, wakapime mnato, maji, chuma na bati. Pacha wake hukaa dirishani. Asubuhi jua likipita kati yake unaona mwezi baada ya mwezi, rangi ya asali, kisha chai ya rangi, kisha kahawa. Chupa ikigeuka ghafla, kuna kitu kimetokea mle ndani, na mara nyingi naiona kabla karatasi ya maabara haijafika.

Wiki iliyopita ilikuja chupa kutoka Nakuru. Ya mwezi uliotangulia ilikuwa ya asali. Hii ni nyeusi, na ukiitikisa, vumbi la kung'aa linashuka polepole hadi chini. Nilimpigia simu binti anayeendesha mashine ile, niliyemfundisha mwenyewe. Kabla sijamuuliza alinisomea safu zake mbili. Yaliyoingia, lita 8. Yaliyotoka, lita 8.

"Kwa hiyo hayajapotea, fundi," akasema. "Ni beringi. Nimeomba waisimamishe, wamekataa mpaka mwisho wa wiki."

Nimemwambia asimamishe leo, na nitazungumza na wakubwa wake mimi mwenyewe. Matatu ya Nakuru inaondoka saa kumi na moja alfajiri. Tochi na kitambaa cha kufutia vioo viko tayari kwenye mkoba.